Usizime Viini Kabla ya Kupima

Kuna ushauri unatembea hosteli tangu muhula uanze: eti gemu ikikwamakwama kwenye kompyuta ya mezani, ingia BIOS uzime nusu ya viini vya prosesa, itakimbia. Kwa mashine nyingi tulizo nazo sisi, hiyo ni hasara.

Haukutoka hewani, nakubali. Mwaka 2021 Intel walileta Core kizazi cha 12, chenye viini vikubwa vya nguvu na vidogo vya kubana umeme. Baadhi ya gemu, kwa sababu ya ulinzi wao dhidi ya nakala za wizi, zilidhani vile vidogo ni kompyuta nyingine zikagoma. Kuvizima kulisaidia. Mwaka 2023 AMD wakatoa Ryzen 9 7950X3D: viini 16 katika makundi mawili, na kundi moja tu lina kache ya ziada. Gemu nyingi hufaidika zikibaki kwenye kundi hilo. Lakini ona, huyo anazima 8 na bado ana 8!

Sasa njoo kwetu Nkende, Tarime. Kuna kibanda cha gemu chenye kompyuta za mtumba, viini vinne kila moja, na mwenyewe alishauriwa azime viwili. Sisi tunalima kwa plau la maksai. Maksai wanne wakilemewa na udongo, hakuna mzee atakayekwambia ufungue wawili. Gemu za sasa hugawa kazi kwenye viini kadhaa, na Windows nayo inataka fungu lake. Vikibaki viwili vinajaa, picha inaganda, na mtoto aliyelipia muda wake anadai hela yake.

Halafu wapo wanaoapa kwamba kwao ilifanya kazi. Wengine hawadanganyi. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Ukizima viini viwili joto linashuka, vilivyobaki vinapata nafuu. Ila ugonjwa ulikuwa vumbi kwenye feni na ile gundi ya kupitisha joto iliyokauka. Brashi na gundi mpya vinatibu hilo, na viini vyote vinne unabaki navyo.

Na ile sehemu ya idadi ya prosesa kwenye msconfig, jamani, iacheni. Haiongezi chochote. Bila kuigusa Windows inatumia viini vyote. Kazi yake ni kuvipunguza, kwa ajili ya wanaofanya majaribio.

Nasomea ualimu, na kinachonikera ni kwamba darasani tunaandika vizuri kabisa kuwa jaribio hubadilisha kitu kimoja kwa wakati, halafu jioni mtu anazima viini, anashusha ubora wa picha, anafuta programu tatu, kisha anatangaza kilichosaidia ni viini. Mashine yenyewe kainunua kwa boom, na ndiyo hiyohiyo ya kuchapia ripoti ya field.

Fungua Task Manager gemu ikiwa inaendelea. Kama kadi ya grafiksi iko asilimia 99 na prosesa iko 40, prosesa haina kesi; shusha ubora wa picha. Kama RAM imejaa, tafuta RAM. Na ukizima viini tu, bila kugusa kingine, fremu zikapanda mara tatu mfululizo, njoo uniite chumbani nione.