Tutafsiri Sababu, Si Maneno Tu

Hivi majuzi, nikisahihisha kazi za tafsiri, nilikutana na "bunduki ya konokono". Makala yenyewe yalitoka Marekani, yakimshauri mwindaji wa kulungu kuhusu bunduki ya kuchagua. Kwa Kiingereza, neno linalotaja risasi ya bunduki hiyo ndilo pia jina la konokono asiye na kaka. Darasa liliangua kicheko. Hata hivyo, kosa hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hakuna mwanafunzi aliyeuliza kwa nini bunduki hiyo ilipendekezwa.

Iliyosifiwa ni bunduki ya marisau inayopakiwa mara moja kwa kila mlio. Badala ya chembe nyingi, hutoa donge moja zito la risasi, ambalo haliendi mbali kama risasi za bunduki za masafa marefu. Ndiyo maana majimbo kama Ohio na Illinois, yenye ardhi tambarare na makazi mengi, kwa miaka mingi hayakuruhusu bunduki hizo za masafa marefu katika uwindaji wa kulungu. Isitoshe, mwenye risasi moja hulazimika kuhakikisha anacholenga kabla ya kufyatua. Kwa ufupi, sababu ni kumlinda binadamu aliye karibu.

Tuihamishe sasa sababu hiyo hadi Kericho na Bomet. Huku mchuma chai akiinama kidogo tu, majani humficha. Watoto hupita vijia vya mashambani alfajiri wakienda shuleni, na nyumba zimefika ukingoni mwa Msitu wa Mau. Donge lile lile linaloitwa salama kwingineko laweza kumuua mtu aliye mamia ya mita mbele. Yule anayeifuata sababu hiyo hadi mwisho wake hatachagua bunduki yoyote.

Sheria nayo imekwisha kuamua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamkataza hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo.

Lipo pia suala la jina. Mnyama wa Marekani, ambaye dume lake huangusha pembe zenye matawi kila mwaka, hana makao ya asili katika misitu yetu. Kulungu wetu ni wa jamii ya swala, na pembe zake hazianguki. Mwanafunzi wa Bomet akisoma tafsiri ile atamfikiria mnyama wa Mau, jirani ya nsya na bongo ambao wamebaki wachache mno. Je, hapo hatujamfundisha kwamba mnyama huyo ni halali ya bunduki?

Walimu wenzangu, tusitosheke kumuuliza mwanafunzi neno hili huitwaje kwa Kiswahili. Tumuulize pia lilisemwa kwa nini, na likifika hapa litamfanya msomaji atende nini. Konokono hufutwa kwa kalamu nyekundu. Risasi ikishatoka, maji yaliyomwagika hayazoleki.