Kabla ya Kufungua Injini, Tupime Kwanza

Wanachama,

Wako watakaouliza: sisi watu wa mikarafuu, Lituhi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Trekta linalochemka Lituhi ni ndugu wa haya yetu yanayolima mabonde ya mpunga na kuvuta trela wakati wa mavuno, na fedha iliyopotea kule yaweza kupotea kwetu msimu ujao, kama haijapotea tayari.

Lituhi iko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na mahali mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Zamani ilikuwa katika wilaya ya Mbinga. Mwaka 2012 wilaya hiyo iligawanywa, na upande wa ziwani ukawa wilaya ya Nyasa. Huko msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, nayo huanza Novemba au Desemba. Aliyechelewa kulima hana vuli na masika za kuchagua kama sisi. Basi trekta likisimama Desemba, ni chakula cha mwaka kilichosimama.

Tulifika kwa wenzetu wakulima wenye Massey Ferguson 135 kuukuu, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Tulilikuta chini ya mwembe, silinda hedi imetolewa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza trekta lilichemka shambani, na fundi akasema papo hapo kwamba gasketi imeungua. Watu wakachanga. Hedi ikapelekwa Songea kusawazishwa, gasketi mpya ikatiwa, na thamostati ikatupwa kwa kuwa "huku joto halihitaji kifaa hicho". Trekta likarudi shambani, na kabla ya adhuhuri likachemka tena kama sufuria ya maharage. Wiki tatu zilikuwa zimekwisha kupita, na mvua ilikuwa ikinyesha.

Aliyegundua ubaya ni dereva mmoja mzee ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alishika tochi, akamulika nyuma ya rejeta, akatuita tutazame upande wa mbele. Hatukuona hata nukta ya mwanga. Mbegu za majani, pumba na vumbi lililolowa oili vilikuwa vimeganda kati ya mapezi yote. Kisha akakibonyeza kifuniko cha rejeta: mpira wake ulikuwa mgumu kama gamba la nazi na springi imelegea. Dawa ilikuwa brashi, maji, na kifuniko kipya. Maji hayo hupigwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana feni huvuta upepo kutoka mbele, na ukiosha kutoka mbele waushindilia uchafu ndani zaidi.

Hatusemi haya kwa kuwadharau mafundi. Wapo wanaoisikia injini kama mganga asikiavyo kifua. Tunachosema ni kwamba joto ni dalili tu, na dalili moja ina sababu nyingi. Na sababu za bei ndogo ni nyingi kuliko za bei kubwa. Mkanda wa feni ukibonyezwa na kidole ukaingia zaidi ya robo tatu ya inchi, umelegea. Mpira wa maji wa chini ukiwa mchovu hujibana wenyewe injini inapokwenda kwa kasi, kisha hufunguka ukizima, hata usijue kilichotokea. Pampu ya maji hulia, au huvuja kwenye tundu dogo chini yake.

Na gasketi iliyoungua kweli hujitangaza. Washa injini ingali baridi, rejeta ikiwa wazi: mapovu yasiyokoma ni hewa ya silinda inayoingia majini. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yamo ndani. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto nao ni ushahidi. Dalili hizi zikikosekana zote, kwa nini tukimbilie spana?

Juu ya thamostati tuna neno kali kidogo. Desturi ya kuitupa imeenea bara na visiwani, na ni desturi mbaya. Injini ya dizeli isiyopata moto wa kutosha haiunguzi mafuta vizuri. Dizeli hutiririka katika kuta za silinda, huosha oili, na pistoni husaga chuma kwa chuma. Katika injini nyingine, ukiitoa, maji ya moto hupata njia ya mkato na kuzunguka bila kupita kwenye rejeta. Kuipima hakuhitaji karakana: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Aghalabu huanza kufunguka kiasi cha digrii 80. Isipofunguka, inunuliwe nyingine.

Kifuniko nacho watu hukiona kama mfuniko wa birika. Kifuniko cha ratili 7 huzuia mvuke hata maji yasichemke mpaka yapite digrii 100 kwa digrii kama 11 hivi. Huko Lituhi, mita zipatazo 475 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika 99. Ukipanda Mbinga, juu ya mita 1,000, huchemka chini ya 97. Trekta lenye kifuniko kibovu likivuta trela mlimani litachemka hata kama injini yake ni nzima. Na likichemka, liacheni lipoe lenyewe. Maji baridi juu ya chuma cha moto hupasua hedi, na hapo ndipo fundi wa gasketi atakuwa amesema kweli.

Sisi visiwani tuna mzigo mmoja ambao wenzetu wa ziwani hawana. Visima vyetu vya mawe ya matumbawe vina chokaa, na vya pwani vina chumvi. Tazameni ukoko ulio ndani ya birika zenu. Ukoko huo huo umo ndani ya injini. Maji ya mvua yatakingwa bure kwenye bati.

Wapo wasemao trekta kuukuu lisahauliwe, linunuliwe jipya. Kongwa mwaka 1947 matrekta mengi yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita yaliharibika, na mpango wa karanga ukaachwa 1951. Huo ni ushahidi wao. Lakini rejeta iliyozibwa kwa pumba haiulizi trekta lina miaka mingapi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkutano mkuu ujao mambo mawili. Kwanza, chama kinunue kipimajoto na pampu ya kupimia kifuniko na rejeta, vikae kwa mweka ghala. Pili, fundi alipwe ujira kwa kutafuta ubovu na kuuonyesha mbele ya dereva na wanachama wawili, hata akikuta kwamba ni mkanda tu. Leo tunamlipa kwa kufungua, naye hufungua. Wenye matrekta waje na vifuniko vyao mfukoni siku hiyo. Tutavipima kabla ya kusoma hesabu.