Mkonge Uliugua Kabla ya 1967

Kuna mwandishi anayedai Azimio la Arusha ndilo lililoua mkonge wa Korogwe. Sikubaliani naye. Mwaka 1964 uzalishaji wa nchi nzima ulifikia takriban tani 230,000. Mwaka huohuo bei ikaanza kuporomoka, kwa kuwa kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni. Utaifishaji wa 1967 ulimkuta mgonjwa yu kitandani.

Mkonge haugeuki haraka. Jani la kwanza husubiriwa miaka mitatu hivi, na likipita kwenye korona, mashine ya kuchakata majani, hutoa singa takriban asilimia nne tu. Mengine ni maji na makapi. Bei huanguka kwa msimu mmoja, shamba hubaki palepale.

Kwa hiyo, mkulima wa Handeni, panda mkonge, lakini using'oe mahindi yako yote.