Cheti cha Mshahara Kisomwe na Mwenyewe



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twaongeza: daftari asiloweza kulisoma mwenye mali ni kama halipo.

Tazameni jeshi la Marekani. Kila mwezi askari wake hupewa cheti cha mshahara kiitwacho LES, nacho hutolewa na ofisi ya hesabu iliyoanzishwa mwaka 1991. Karatasi ni moja tu, lakini mna visanduku zaidi ya 70 na majina yaliyofupishwa: BAS ndiyo posho ya chakula, SGLI ndiyo bima ya maisha, FICA ndiyo kodi ya pensheni na matibabu ya wazee. Askari aliyefundishwa bunduki hakufundishwa kufumbua mafumbo haya.

Wapo wasemao, "Na ajifunze; maelezo yapo." Twakataa. Mwaka 2003 wakaguzi wa hesabu wa Bunge la nchi hiyo walichunguza vikosi 6 vya National Guard vilivyoitwa vitani. Katika askari 481, waliopatwa na kasoro ya malipo walikuwa 450. Katika kikosi kimoja cha Colorado, askari 34 waliandikiwa madeni ya wastani wa dola 48,000 kila mmoja, na sehemu kubwa ya madeni hayo ilikuwa ni makosa matupu. Ikiwa ofisi yenye wataalamu na mashine yakosea hivyo, askari atalaumiwaje kwa kutofahamu? Na kosa lisipoonekana mapema hukua mwezi kwa mwezi. Siku ya kukatwa, watakaopungukiwa ni mke na watoto wa askari, wala si karani aliyekosea.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, kila posho na kila kato liandikwe kwa jina lake kamili. Pili, fedha ikizidi au ikipungua kuliko mwezi uliopita, sababu yake iandikwe papo hapo. Tatu, asikatwe mtu deni kabla ya kuarunishwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujibu.

Mtasema kazi itaongezeka. Sentensi moja katika cheti ni kazi ndogo kuliko kujibu barua kumi za malalamiko.

Ndugu mlio katika ofisi za malipo, karani mwema hajifichi nyuma ya herufi. Anzeni na vyeti mnavyoviandika wenyewe, mwenye mshahara avisome asihitaji mkalimani.