Asiyechimba Kisima Hana Zamu

Mwaka 1997 mvua za El Nino ziliifurika Kaskazini Mashariki, na nyuma ya maji ikaja Homa ya Bonde la Ufa. Mwishoni mwa 2006 ilirudi, ikianzia Garissa. Mifugo iliharibu mimba, uchinjaji ukapigwa marufuku, na watu zaidi ya 150 wakafariki nchini. Hadi leo hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya binadamu wote.

Maradhi haya yalitambuliwa humu humu Kenya, karibu na Naivasha, miaka ya 1930. Lakini umbo la protini ambayo virusi vyake hutumia kupenya seli lilichorwa ng'ambo, likachapishwa mwaka 2013. Wataalamu huigeuza protini kuwa fuwele, huipiga miale ya eksirei, na kutokana na jinsi miale inavyotawanyika hukokotoa mahali pa kila atomu. Ni vigumu kuchonga ufunguo wa kufuli usiyoijua.

Mtambo bora wa kutoa miale hiyo, sinkrotroni, haumudiki kwa chuo kimoja. Ndiyo maana serikali huchanga. Ule wa Grenoble, Ufaransa, ni mali ya mataifa mengi, na Afrika Kusini ilijiunga nao mwaka 2013. Ule wa Jordan, uliofunguliwa 2017, unawakutanisha hata Iran na Israel. Barani Afrika hakuna hata mmoja.

Najua nitaulizwa: Garissa inalilia maji na walimu, sinkrotroni ya nini? Sisemi ijengwe Garissa. Nasema Kenya itoe mchango wake pamoja na wenzake, na iwalipie vijana wetu nauli na masomo ili wakautumie mtambo huo. Sheria ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Ahadi hiyo haijatimizwa.

Wafugaji wetu wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Kisima kirefu hakichimbwi na boma moja. Aliyechimba ana zamu yake ya kunywesha. Asiyechimba husimama kando akingoja hisani, na ng'ombe wake wana kiu.

Mwalimu unayefundisha kemia, na mwanafunzi unayedhani somo hilo ni la mtihani tu, daini zamu hiyo. Mvua kubwa zitanyesha tena, na homa haitatungoja tumalize kuomba.