Bando la siku na usingizi wetu: kwa nini ni vigumu kuweka simu chini

Ushauri wa wataalamu wa afya kuhusu simu tumeusikia sana: punguza muda wa kutazama kioo, lala mapema, simu isikae kitandani. Ni ushauri mzuri. Lakini kwa msikilizaji wa Laela, Matai au Namanyere una pengo moja: hausemi lolote kuhusu bando.

Tazama bando linavyouzwa. Anayenunua la siku ananunua MB na muda kwa pamoja. Saa 24 zikitimia, kilichobaki kimekwenda. Basi usiku ukiingia na MB bado zipo, mtu halali, anazimalizia kwa video ambazo wala hakuzikusudia. Bando la usiku ni nafuu zaidi, ila anayelilipia kwa usingizi ni mtu anayetakiwa shambani alfajiri. Tunamwita kijana mraibu, kumbe anafanya hesabu ile ile ya mama anayehimiza ugali uishe usije ukachacha.

Malalamiko haya si mapya. Aprili 2, 2021, bei mpya za bando zilipoanza kutumika, wananchi walipiga kelele hadi Serikali ikazisitisha siku hiyo hiyo. Kanuni ndogo za TCRA za mwaka huo ziligusa pia bando linalobaki: mteja aweze kumhamishia mwenzake wa mtandao ule ule, au kuendelea nalo akinunua tena kabla muda haujaisha. Piga huduma kwa wateja uulize mtandao wako unafanyaje. Hiyo ni haki yako, si hisani.

Sababu nyingine ni biashara. Msimu wa kuuza mahindi kila mtu anasubiri habari, iwe ya ununuzi wa NFRA au ya dalali wa Tunduma, na anaogopa kuzima data asije akapitwa. Hofu hiyo haina msingi. Ukizima data, simu bado inaita, ujumbe mfupi unaingia, na fedha unatuma na kupokea kwa menyu ya nyota kama kawaida. Picha za bei kwenye WhatsApp zitasubiri. Mwenye lori atapiga.

Faida ya kupumzika ipo. Mwanga wa kioo usiku huchelewesha homoni inayoandaa mwili kulala. Kwa macho, madaktari hushauri kila baada ya dakika 20 uangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, na hapa Ufipa milima ya kutazama hatujakosa. Kuhusu umakini, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa simu ikiwa karibu tu, hata bila kuguswa, hupunguza uwezo wa kufikiri. Waliourudia baadaye hawakupata matokeo makali hivyo, kwa hiyo mimi nisingeuapia.

Wakati kampuni zinaendelea kuuza muda pamoja na MB, badili saa ya kununua. Bando la saa mbili usiku linakufa saa mbili usiku wa kesho, na jioni nzima utakuwa ukilikimbiza. Linunue saa sita mchana ukitoka shambani. Usiku ukifika zima data ulale, kwani una asubuhi nzima ya kulimalizia.