Lini Saa Itatoka? Uvumi, Ushahidi na Saa ya Google

Tangu saa za mkononi zilipoanza kupima mapigo ya moyo, kupokea ujumbe na kulipa fedha dukani, pamezuka kando ya biashara yake biashara nyingine isiyo na ghala wala bidhaa, nayo ni ya kubashiri siku ambayo kampuni fulani itatoa saa yake mpya. Wako watu ambao riziki yao yatokana na bashiri hizo, na wako wasomaji, wala si haba, ambao huahirisha kununua kitu wanachokihitaji leo kwa sababu wameambiwa kwamba kilicho bora zaidi ki njiani. Swali linalostahili kupimwa ni kama bashiri hizo zina thamani kwa mtu anayezisikiliza, au ni maneno ya barazani yaliyovikwa joho la habari. Kwa kulipima nimechagua saa ya Google iitwayo Pixel Watch, kwa kuwa katika saa janja zote nizijuazo hapana iliyotabiriwa kwa muda mrefu kama ile kabla ya kuonekana kwa macho.

Habari yake ilianza mwaka 2016, ilipoenea kwamba Google, ambayo tangu Machi 2014 ilikuwa imetangaza mfumo endeshi wa saa uitwao Android Wear na kuwaachia wengine kazi ya kuunda saa zenyewe, sasa inaandaa saa mbili. Habari hiyo ilikuwa kweli kwa upande mmoja na si kweli kwa upande wa pili, kwani Februari 2017 saa mbili zilitoka kweli, na Google ilikuwa na mkono wake katika kuzisanifu, lakini jina lililokuwa juu yake lilikuwa la LG ya Korea Kusini. Waliobashiri wakajihesabu kuwa wamepata, na kwa kujihesabu hivyo wakapata ujasiri wa kubashiri tena. Mwaka 2018 mfichuaji mmoja aliyekuwa na sifa ya kusema kweli juu ya simu alitangaza kwamba saa yenye jina la Pixel ingetoka pamoja na simu za mwisho wa mwaka ule. Ilipofika Agosti, Miles Barr, mkurugenzi wa uhandisi wa mfumo ule ambao wakati huo ulikuwa umekwisha badilishwa jina ukaitwa Wear OS, alieleza hadharani kwamba kampuni haina saa itakayotoa mwaka ule, kwa hoja kwamba bado haijawezekana saa moja ikamfaa kila mtu. Mtu angedhani kwamba baada ya kauli ya mwenye mali wabashiri wangenyamaza. Haikuwa hivyo, tarehe ilisogezwa mbele tu, kama mdeni anavyoisogeza ahadi yake.

Wanavyuoni wa hadithi walituachia namna ya kupima habari ambayo sioni kwa nini isitumike hata katika jambo hili dogo la kidunia. Wao walitazama mambo mawili: isnadi, yaani mfululizo wa watu waliopokezana habari hadi kumfikia msemaji wa kwanza, na matini, yaani maneno yenyewe yaliyosemwa. Tukiitazama isnadi ya uvumi wa saa, aghalabu tutakuta kwamba inakatika katika hatua ya kwanza, maana mwandishi husema kwamba amepokea kwa watu walio karibu na jambo lenyewe, na watu hao hawana majina, wala haijulikani walikuwa karibu kiasi gani, wala ni faida gani waliyoitafuta kwa kusema. Wapokezi wa namna hiyo huitwa majhuli, na habari yao huwekwa katika daraja ya dhaifu. Hata hivyo insafu yatutaka tukumbuke kwamba habari dhaifu si lazima iwe uongo, na hapo ndipo penye shida yote.

Kwani tazama: Aprili 2021 mfichuaji mwingine alionyesha michoro ya saa ya Google, yenye uso wa mviringo usiokuwa na kingo, uliobenuka kama tone la maji, na saa ilipotoka ikawa yafanana na michoro ile takriban katika kila jambo. Msemaji huyo huyo, Januari 2022, akasema kwamba saa ingezinduliwa tarehe 26 Mei ya mwaka huo. Siku hiyo ilipita kimya. Inakuwaje mtu mmoja, mwenye vyanzo vile vile, akasibu umbo na akakosa tarehe? Jibu langu ni kwamba umbo la chombo, likisha kuamuliwa, ni kitu kilichopo: limo katika michoro ya wahandisi, katika violezo vya kiwandani, katika picha zilizotayarishwa kwa ajili ya matangazo, na kitu kilichopo mikononi mwa watu mia hakikosi kuonwa na mmoja asiyeweza kufunga mdomo. Tarehe haipo popote kwa namna hiyo. Tarehe ni nia ya mwenye mali, naye aweza kuigeuza asubuhi yoyote kwa sababu ya vipuri vilivyochelewa, au kasoro iliyogunduliwa, au mshindani aliyetangulia, na anapoigeuza hamdanganyi mtu, maana hakumwahidi mtu.

Msomaji aliye makini atanipinga kwa kunitajia Apple, na pingamizi yake ina nguvu. Tangu Septemba 2016 kampuni ile imekuwa ikitangaza saa zake mpya kila mwaka katika mwezi huo huo wa Septemba, hata mwaka 2020 ambao maradhi ya korona yaliisogeza simu yake hadi Oktoba, saa ilitangazwa tarehe 15 Septemba bila kuingoja. Kwa Apple, basi, kutabiri mwezi si elimu. Ni kukumbuka desturi. Na mwaka 2021 mambo yakageuka kabisa, maana wabashiri walikubaliana karibu wote kwamba saa ya Series 7 itakuwa na ubavu bapa, michoro ikachorwa, na Septemba 14 ikaonyeshwa saa yenye mbavu za mviringo kama zile zilizotangulia, na ikaanza kuuzwa tarehe 15 Oktoba. Umbo walilokubaliana likawa si lenyewe, na mwezi waliokubaliana ukawa ndio. Lakini sioni kwamba jambo hili linaivunja hoja yangu. Lililothibitika hapo ni kwamba tarehe hujulikana pale ambapo kampuni imejifunga kwa mazoea yake yenyewe, na Google ya mwaka 2018 haikuwa na mazoea yoyote ya kuuza saa ambayo mtu angeweza kuyategemea.

Sasa nije katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, wabashiri walilipuuza miaka yote ile. Walikuwa wakiuliza saa itatoka lini, na hawakuuliza kwa nini bado haijatoka, ilhali jibu la swali la pili lilikuwa wazi mbele ya kila mtu, katika habari za biashara zilizotangazwa mchana kweupe. Januari 2019 Google ilikubali kuinunulia kampuni ya Fossil sehemu ya elimu yake ya saa janja, pamoja na baadhi ya wahandisi wake, kwa dola milioni 40. Mtu hanunui elimu aliyo nayo tayari. Novemba mwaka huo ikatangaza kwamba itainunua Fitbit, kampuni ya vipimo vya afya iliyoanzishwa mwaka 2007, kwa dola bilioni 2.1, na mapatano hayo yakaingia mikononi mwa wasimamizi wa ushindani wa mataifa mbalimbali, ambao hawakuwa na haraka. Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi wa kina Agosti 2020, ikatoa idhini Desemba kwa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kwamba taarifa za afya za watumiaji wa Ulaya zisitumike katika biashara ya matangazo ya Google kwa muda wa miaka 10. Ununuzi ulikamilika tarehe 14 Januari 2021. Miezi minne baadaye, Mei 2021, Google na Samsung zikatangaza kwamba zinaunganisha mfumo wa Wear OS na mfumo wa Tizen uliokuwa ukitumika katika saa za Samsung, na matunda ya kwanza ya muungano ule, saa ya Galaxy Watch 4, yakaonekana Agosti.

Aliyeziweka habari hizi pamoja, bila ya kuwa na rafiki hata mmoja ndani ya kampuni, angeweza kusema mwanzoni mwa 2021 kwamba saa ya Google haitatoka kabla ya 2022, kwa kuwa saa isiyo na kipimo cha afya cha kutegemewa isingeweza kushindana na Apple, na kipimo hicho kilikuwa cha Fitbit, na Fitbit ndiyo kwanza imekuwa yao. Nakiri kwamba ni rahisi kuyasema haya baada ya mambo kwisha. Lakini habari zote nilizozitaja zilikuwa hadharani katika siku zake, na kila moja ilikuwa na msemaji, tarehe na kiasi cha fedha. Zaidi ya hayo, saa ilipotoka ilikutwa ina kichakataji cha Samsung cha Exynos 9110, ambacho kilikuwa kimo katika saa ya Galaxy Watch tangu 2018. Kwa hiyo muda wote ule haukupotea kwa kungojea mashine yenye nguvu zaidi.

Mwisho wa kisa wajulikana. Aprili 2022 Google iliomba kusajili jina Pixel Watch kuwa alama ya biashara nchini Marekani, na mwezi huo huo kiolezo cha saa kikaachwa katika mkahawa mmoja wa nchi ile, picha zake zikaenea ulimwenguni. Tarehe 11 Mei kampuni yenyewe ikaionyesha saa kwa kifupi, Oktoba 6 ikaizindua, na Oktoba 13 ikaanza kuuzwa kwa dola 349. Mwenye kutaka kujua chombo ki karibu, basi, na atazame karatasi ambazo sheria humlazimisha mfanyabiashara kuziandika: usajili wa jina, na idhini ya vyombo vya mawasiliano, ambayo Marekani hutolewa na FCC, na kwetu na TCRA ya Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Karatasi hizo hazitaji siku, lakini isnadi yake haikatiki.

Yabaki kuuliza uvumi huu wamfaa nani. Wenye kampuni hulalamika hadharani wanapofichuliwa, na wana sababu, kwani kisa cha Osborne hakijasahauliwa: kampuni ile ya kompyuta za kubebeka ilizungumzia mashine zake zijazo mapema mno, wanunuzi wakaziacha zile zilizokuwa madukani, na Septemba 1983 ikafilisika, ijapokuwa wako wajuzi wasemao kwamba hilo halikuwa sababu pekee. Lakini Google mwaka 2019 haikuwa na saa yake dukani ya kuachwa. Kila aliyesubiri saa ya Google ni mtu ambaye hakununua ya Apple wala ya Samsung, na kusubiri huko hakukuigharimu Google hata senti moja.

Na uvumi huweza kumdhuru hata yule anayeukimbilia. Mwaka 2013, ulimwengu ulipokuwa ukivumisha saa ya Apple, na mkuu wa kampuni hiyo, Tim Cook mwenyewe, akiwa amesema mwezi Mei kwamba mkono ni mahali pa kuvutia, Samsung iliharakisha kuonyesha Galaxy Gear mjini Berlin, Septemba 4, kwa bei ya dola 299. Saa ile mwanzoni ilifanya kazi na simu moja tu, Galaxy Note 3. Na hata nusu mwaka haujatimia, Februari 2014, ikatangaziwa mrithi mwenye mfumo endeshi mwingine. Apple haikuionyesha ya kwake hadi Septemba 9, 2014, wala haikuiuza hadi Aprili 24, 2015. Aliyetangulia alitangulia kwa zaidi ya mwaka mzima, na mnunuzi wake wa kwanza ndiye aliyelipa gharama ya haraka ile.

Kwa msomaji wa Kiswahili pana jambo jingine ambalo magazeti yetu, kwa desturi ya kunakili habari za ng'ambo bila kuzikagua, hayamwambii. Tarehe ya Google si tarehe yake. Pixel Watch ya kwanza iliuzwa katika nchi chache za Amerika ya Kaskazini na Ulaya, pamoja na Japani, Taiwan na Australia, Afrika haikuwamo. Anayeitaka saa hiyo Kariakoo au Luthuli Avenue humngoja mfanyabiashara wa kuileta, na huipata bila ya dhamana ya kiwanda ambayo angeweza kuidai hapa kwetu. Kumwandikia mtu kama huyo kwamba saa itazinduliwa Alhamisi fulani ni kumpa habari isiyokuwa yake.

Wahariri wetu, basi, nawaomba jambo moja: wanapochapisha bashiri ya aina hii, wamtaje aliyeisema, na waandike ni bashiri zake zipi zilizosibu na zipi zilizokosa mwaka uliopita. Na wewe mnunuzi, ukiambiwa subiri, uliza saa unayosubiri itatunzwa na kampuni kwa muda gani. Tangu uvumi wa kwanza hadi Pixel Watch kufika dukani ilipita miaka 6. Siku ilipouzwa, Google iliahidi masasisho ya programu yake hadi Oktoba 2025, yaani miaka 3.